Barua ya wazi kwa wanaotunza kazi za Dick Higgins: tunaomba tuzishike

Kwenu wakurugenzi wa makumbusho, wakuu wa maktaba na wasimamizi wa makavazi mnaohifadhi kazi za Dick Higgins, msanii na mchapishaji wa Kimarekani, na vitabu vya kampuni yake, Something Else Press.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuwaomba mzirudishe kazi hizi mikononi mwa watu.

Kwanza nitoe shukrani, maana mnazistahili. Bila nyinyi, karatasi nyingi za mtu huyu zingekwisha kuharibiwa na unyevu au zingetupwa kampuni yake ilipofungwa. Kupanga makasha ya barua za msanii aliyeandikiana na wasanii wa kila pembe si kazi ya siku moja, na mmeifanya. Lakini leo kitabu alichokichapa ili kifunguliwe kimefungiwa, na maelekezo aliyoyaandika ili yatekelezwe yametiwa fremu na kutundikwa ukutani. Hilo ndilo linalonisumbua, na sidhani ni mimi peke yangu.

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Nilimfahamu Higgins kupitia vitabu vyake kabla sijasoma lolote juu ya maisha yake, na nilipoanza kuyasoma ndipo nilipoelewa kwa nini vitabu vile vilitengenezwa namna ile. Mniwie radhi nikieleza mambo ambayo baadhi yenu mnayajua kuliko mimi. Barua hii itasomwa na wengine pia, na ombi langu haliwezi kueleweka bila maisha yake.

Alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 15 Machi 1938, katika familia ya Kimarekani yenye mali. Kwao walikuwa na kiwanda cha chuma huko Worcester, jimbo la Massachusetts. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akaondoka, akamalizia Columbia mwaka 1960. Darasa lililombadilisha, hata hivyo, lilikuwa la mtunzi wa muziki John Cage katika chuo cha New School, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo walikutana watu waliokuja kuigeuza sanaa ya Marekani: George Brecht, Allan Kaprow, Jackson Mac Low na wengine. Alisoma pia kwa mtunzi wa muziki Henry Cowell. Kisha akafanya jambo ambalo wasanii wachache wa tabaka lake wangelifanya: alikwenda kujifunza uchapaji, akaifanya kazi hiyo. Alijua wino, karatasi, herufi na gharama za mashine. Mimi naamini hapo ndipo penye ufunguo wa kila alichofanya baadaye, ingawa waandishi wengi wanapapita haraka wakikimbilia vituko vya jukwaani.

Vituko navyo vilikuwepo. Septemba 1962 alikuwa Wiesbaden, Ujerumani, pamoja na mkewe Alison Knowles, George Maciunas, Nam June Paik, Emmett Williams na wenzao, katika tamasha lililolizindua Fluxus, kundi la wasanii wa majaribio lililoanzishwa na Maciunas, mbele ya umma. Ilipochezwa mojawapo ya tungo zake za muziki wa hatari, Knowles alimnyoa kichwa mbele ya hadhira. Utungo namba 17 wa mfululizo huo, wa mwezi Mei mwaka ule ule, hauna noti hata moja. Ni amri tu ya kupiga ukelele, imeandikwa mara sita. Namba 15 unamwambia mtu afanye kazi na siagi na mayai kwa muda fulani. Muziki huo unahitaji pumzi na koo, na mahali ambapo mtu hataitiwa polisi.

Wapo wanaoona mambo haya ni mchezo wa vijana wenye pesa. Nawasihi waangalie alifanya nini na pesa hizo.

Kati ya tarehe 13 Aprili 1962 na 13 Aprili 1963, yaani kuanzia siku ya kuzaliwa Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, hadi siku hiyo mwaka uliofuata, Higgins alikusanya kila alichoandika, kizuri na kibaya, bila kuchagua. Maciunas alikubali kuutoa mswada huo. Siku zikapita, mipango ikabadilika, kitabu kisitoke. Higgins akauchukua mswada wake na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1964: vitabu viwili vilivyojalidiwa mgongo kwa mgongo, kimoja ni huo mkusanyo wa mwaka mzima na kingine ni maelezo yake kuhusu sanaa ya wakati wake. Msomaji anayetaka kutoka kimoja kwenda kingine hana budi kukigeuza mkononi. Wekeni kitabu hicho ndani ya kabati la kioo na mtakuwa mmeonyesha nusu yake, tena hiyo nusu nyingine hakuna atakayejua kuwa ipo.

Na mimi nimelishuhudia hilo. Katika taasisi moja nilimkuta Higgins ndani ya kioo, kafunguliwa ukurasa mmoja, taa hafifu juu yake, na kibao chenye jina, mwaka na vipimo kwa sentimita. Watu walisimama, wakasoma kibao, wakapita. Nilipoomba kuona nakala nyingine chumba cha wasomaji, niliambiwa vitabu vya msanii huyo havitolewi ila kwa watafiti wenye barua ya chuo. Sina ugomvi na mtumishi aliyenijibu, alikuwa akifuata kanuni na alinijibu kwa upole. Ugomvi wangu uko kwenye kanuni, na wenye kanuni ni nyinyi.

Tazameni Higgins alivyofikiri kama mchapishaji. Wenzake wengi wa Fluxus walipenda visanduku vidogo, kadi zilizolegea, vitu vya kufanyia mzaha. Yeye aliamua kuyatia maandishi ya ajabu kuliko yote ndani ya kitabu cha kawaida kabisa: jalada gumu, gamba la karatasi lenye mpangilio wa kuvutia, ukurasa wa jina, karatasi yenye uzito. Alitaka muuza vitabu asipate sababu ya kukikataa, na mkutubi apate mahali pa kukiweka. Alivitengeneza kwa ajili ya rafu zenu. Miaka ile kazi za namna hiyo zilitoka kwa karatasi za kurudufu zilizobanwa pini, zikapotea baada ya msimu mmoja, na uamuzi wa kuzipa mwili wa kitabu kinachodumu ulikuwa wa kimapinduzi kuliko kelele zote za jukwaani. Ninasema hivyo nikiwa mtu wa gundi na uzi.

Mwaka 1965 alimtolea msanii Ray Johnson kitabu kilichotokana na barua, michoro na vikaratasi ambavyo Johnson alikuwa amemtumia kwa posta kwa miaka. Mwaka uliofuata alikitoa upya, kikamilifu, kile kitabu kikubwa cha mwandishi Gertrude Stein kuhusu familia za Kimarekani, kurasa 925, ambacho kilipotoka Paris mwaka 1925 kilichapwa nakala 500 tu na kwa miaka mingi kilisifiwa na watu wasioweza kukipata. Mwaka 1967 ukatoka mkusanyo wa mashairi ya maumbo ulioandaliwa na Emmett Williams, wenye washairi kutoka Brazili, Ujerumani, Japani na kwingineko. Mwaka huo huo alimtoa mchongaji Claes Oldenburg na maandishi yake kuhusu duka lake la sanamu, na Marshall McLuhan, mwananadharia wa vyombo vya habari. Mwaka 1969 akamtoa Cage, aliyekusanya kwa msaada wa Knowles kurasa za miswada ya muziki za watunzi 269, zikapangwa kwa alfabeti tu, mashuhuri na asiyejulikana wakikaa jirani. Idadi ya maneno ya kila maelezo na aina ya herufi viliamuliwa kwa kura ya I Ching, kitabu cha kale cha Kichina cha kupigia ramli. Orodha hii ingekuwa fahari ya shirika kubwa lenye idara kumi, lakini hapa ni mtu mmoja na wasaidizi wachache, kwa fedha nyingi za urithi wake.

Kisha kuna vile vijitabu. Kati ya 1965 na 1967 alitoa 20 katika mfululizo alioupa jina la Great Bear. Ni vyepesi, kurasa chache, jalada la karatasi ya rangi moja, vinaingia mfukoni. Cha kwanza kilikuwa cha Alison Knowles, nacho kina maelekezo mafupi ya matendo, likiwemo lile la kutengeneza saladi ambalo yeye mwenyewe alilitekeleza mara ya kwanza London mwaka 1962. Kaprow yumo, Brecht yumo na makala yake kuhusu bahati nasibu katika sanaa, Mac Low yumo na tamthilia zake pacha. Luigi Russolo, msanii wa Kiitaliano, naye yumo na ilani yake ya mwaka 1913 kuhusu sanaa ya kelele, imefasiriwa na Robert Filliou na kutolewa kwa umbo lile lile na ukubwa ule ule kama maandishi ya vijana wa New York waliokuwa wakianza. Nikikishika kijitabu kama hicho najua mara moja kimetengenezwa kwa ajili ya nani. Hakina pambo na hakimtishi mtu. Ukikikunja kidogo hakilalamiki. Mtu akisome ndani ya basi, ampe rafiki, ajaribu jambo moja lililomo jioni hiyo hiyo.

Sasa vijitabu hivyo vinaletwa mezani na mtu aliyevaa glavu, kimoja kimoja, juu ya mto wa sponji.

Najua mtanijibu kuhusu karatasi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sijawahi kubeba dhamana ya mkusanyo wa taifa. Karatasi ya miaka ya 1960 inageuka njano, kingo zinavunjika, mwanga unakula rangi za jalada, na wezi wa vitabu adimu ni watu halisi. Yote hayo ni kweli. Lakini vitu hivi vilichapwa kwa matoleo ya kawaida. Si michoro ya mkono iliyobaki mmoja duniani. Taasisi nyingi zina nakala zaidi ya moja, nyingine zikiwa zimefika kama zawadi na kulala kwenye makasha bila kuingizwa kwenye katalogi. Nakala moja ilindwe kwa kila namna mnayoijua, na nyingine iwekwe mezani ichakae kwa kusomwa. Ikichakaa tuiteni sisi wajalidi, hiyo ndiyo kazi yetu.

Pale ambapo nakala ni moja tu, zipo nakala mpya. Kampuni ya uchapishaji ya Primary Information ya New York ilivitoa upya vijitabu vyote 20 mwaka 2007. Kampuni nyingine, Siglio, ilikitoa tena kitabu cha Ray Johnson mwaka 2014, na mwaka 2018 ikatoa mkusanyo mnene wa maandishi ya Higgins mwenyewe, ukihaririwa na Steve Clay na Ken Friedman. Kuweka nakala hizo pembeni ya kabati la kioo, zimefungwa kamba kama hamna budi, hakumgharimu mkurugenzi usingizi. Makumbusho ya Reina Sofía ya Madrid yaliandaa maonyesho makubwa kuhusu kampuni hii kuanzia 2023, na hilo lilinionyesha kwamba hamu ipo. Nawaomba maonyesho yajayo yawe na meza na viti.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu si dogo. Maktaba nyingi zilikuwa na desturi, na nyingine bado zinayo, ya kulivua gamba la karatasi na kulitupa kitabu kinapoingia rafuni, au kuvikata majalada vijitabu kadhaa na kuvijalidi pamoja kwa kitambaa kigumu cha rangi ya kahawia. Kwa vitabu vya kampuni hii huo ni ukataji wa kazi yenyewe. Higgins alisanifu magamba mengi kwa mkono wake, na maelezo ya kwenye mikunjo ya gamba yana sauti ya mchapishaji anayezungumza na mtu aliyesimama dukani. Kitabu kisicho na gamba lake kimenyang'anywa mazungumzo hayo. Mkiwa na magamba yaliyovuliwa zamani na kuwekwa kwenye faili, yarudisheni. Na tafadhali, yeyote anayepanga kujalidi upya aulize kwanza.

Chukueni kitabu alichokitoa mwaka 1969, chenye jina lisilotamkika, foew&ombwhnw. Kwa nje utadhani ni kitabu cha sala: jalada jeusi, utepe wa kuwekea alama. Ndani kila ukurasa umegawanywa safu nne zinazokwenda sambamba, insha hapa, shairi pale, tamthilia safu ya pembeni, na mstari wa safu moja unaendelea ukurasa unaofuata katika safu ile ile. Huwezi kukisoma kama riwaya. Unafungua, unafuata safu moja, unachoka, unarudi, jicho linateleza kwa jirani, na mawazo mawili ambayo mwandishi hakuyaunganisha yanakutana kichwani mwako. Utepe ule unafanya kazi: unaushusha ulipoachia safu ya pili ili ukaonje ya tatu. Hayo huwezi kuyaona kwenye ukurasa mmoja uliofunguliwa na mtu mwingine, na kwenye picha ya skana unayaona nusu nusu.

Sisemi msichapishe picha za skana. Zichapisheni, tena kwa wingi na bila malipo, maana makavazi makubwa ya mtu huyu yako Marekani, katika Getty Research Institute ya Los Angeles na Chuo Kikuu cha Northwestern huko Evanston, na mkusanyo mkubwa wa Fluxus wa Gilbert na Lila Silverman uko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Watu wengi wanaompenda hawatafika huko maisha yao yote. Ninachosema ni kwamba picha isitumiwe kama kisingizio cha kumnyima kitabu yule aliyesafiri akafika mlangoni.

Nikija kwenye katalogi, hapo nina neno refu kidogo.

Februari 1966, katika toleo la kwanza la jarida dogo alilowatumia wasomaji wake, Higgins aliandika insha iitwayo Intermedia. Hoja yake ni kwamba kazi nyingi bora za wakati wake zilikuwa zikiangukia kati ya sanaa zilizozoeleka: kati ya ushairi na uchoraji, kati ya muziki na uchongaji, kati ya ukumbi wa tamthilia na maonyesho ya picha. Alieleza pia kwamba kutenga sanaa kwa mistari mikali ni mazoea ya jamii iliyogawa watu kwa matabaka, na kwamba jamii hiyo ilikuwa ikipita. Insha hiyo inasomeshwa katika vyuo vya sanaa hadi leo. Nyinyi mnaitaja katika vibao vyenu. Halafu mnazigawa kazi zake kwa idara.

Mfano ni zile symphonia elfu moja alizozibuni mwaka 1968. Karatasi za muziki wa okestra zilipigwa risasi za bunduki ya rashasha huko South Brunswick, New Jersey, na matundu yaliyobaki yakawa ndiyo noti. Desemba mwaka huo mtunzi Philip Corner aliongoza wanamuziki waliozipiga. Ulikuwa mwaka wa vita vya Vietnam, na mtu aliyesimama mbele ya karatasi iliyotobolewa na risasi hakuhitaji kuelezwa bunduki nyingine zilikuwa zikifanya nini wakati huo. Sasa kazi hiyo iko wapi? Karatasi yenye matundu inawekwa kwa wenye picha na michoro. Rekodi ya sauti, ikiwepo, inakwenda kwa wenye muziki, picha za tukio kwa wenye picha za kamera, barua za maandalizi kwenye makavazi, na maandishi aliyochapa juu yake maktabani. Idara hizo kila moja ina mfumo wake wa kumbukumbu, na mtafutaji anayeandika jina la kazi anapata kipande kimoja na kuondoka akidhani ndiyo yote. Aliyeona karatasi ukutani anaondoka akidhani ni mchoro. Karatasi ile ni muziki unaosubiri kupigwa.

Ombi langu hapa ni la kiufundi na halihitaji jengo jipya. Tengenezeni rekodi moja ya kazi, na vipande vyote viunganishwe nayo, popote vilipo, hata vikiwa katika taasisi jirani mnayoshindana nayo kwa wafadhili. Katika sehemu ya aina ya kazi, pale mnapolazimika kuchagua kati ya kitabu, mchoro, muziki na tamthilia, ongezeni nafasi ya kuchagua zaidi ya moja. Wataalamu wenu wa katalogi wanajua namna ya kufanya hivyo, nimezungumza na baadhi yao, na wengi wanangoja ruhusa tu.

Na upigeni huo muziki. Mna kumbi, mna bajeti ya matukio, mna vijana wanaosomea sanaa mlangoni kwenu. Kuomba kutekeleza utungo wenye maneno sita kusihitaji fomu ya kurasa sita, wala ada inayolingana na ya okestra. Knowles aliitengeneza ile saladi yake tena kwa ajili ya umati katika makumbusho ya Tate Modern, London, mwaka 2008, watu wakala. Waliokula saladi ile wanaijua kazi hiyo kuliko mimi niliyeisoma. Mambo ya haki miliki najua si yenu peke yenu, warithi wapo na wana haki zao, lakini mnaweza kukaa nao na kukubaliana masharti mepesi kwa shule, vikundi vidogo na wasiofanya biashara. Mmoja wenu akianza, wengine wataiga.

Sijamaliza habari ya kampuni, na mwisho wake unawahusu. Mwaka 1970 ilihamia California pamoja naye alipokwenda kufundisha katika chuo cha sanaa cha CalArts, baadaye ikahamia West Glover, Vermont. Mwaka 1974 ikafungwa. Vitabu ambavyo leo vinanunuliwa mnadani kwa bei ya kutisha vilikuwa vimelala ghalani bila wanunuzi. Kabla haijafa, mwaka 1972, alikuwa amekwisha kuanza kitu kingine, kilichokuja kuitwa Printed Editions: ushirika ambapo kila msanii alitoa kitabu chake kwa gharama yake na wote wakauza pamoja. Cage alikuwemo, Knowles, Corner, Mac Low, Pauline Oliveros. Hakukata tamaa ya vitabu. Alichokosa ni wanunuzi wa kudumu, na wanunuzi wa kudumu wa vitabu vya namna hiyo walipaswa kuwa maktaba na makumbusho.

Naomba mlifikirie hilo kwa uzito. Fedha mnazotoa leo kununua kijitabu kimoja mnadani zingeweza kununua kila kitu kinachochapwa mwaka huu na wachapishaji wadogo kumi wanaofanya kazi kama aliyoifanya yeye. Wapo, katika kila nchi. Wanatoa nakala chache, wanalipia mashine kwa mshahara wa kazi nyingine, wanawaandikia idara zenu za ununuzi na hawajibiwi kwa sababu hawana namba ya msambazaji kwenye mfumo. Tengeni fungu dogo la kila mwaka kwa ajili yao, la kununua kwa bei ya dukani kitabu kingali kipya, na mwondoe kikwazo cha msambazaji. Kati ya maombi yangu yote, hili ndilo ningelichagua kama mngeniambia nichague moja.

Miaka yake ya mwisho aliishi Barrytown, New York, katika jengo lililokuwa kanisa. Alichora, akafasiri mashairi ya Novalis, mshairi wa Kijerumani, akahariri tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha mwanafalsafa wa Kiitaliano Giordano Bruno kuhusu utungaji wa taswira. Mwaka 1987 alitoa kitabu kikubwa cha utafiti juu ya mashairi yaliyoandikwa kwa maumbo, tangu Wayunani wa kale na mashairi yao ya umbo la shoka, yai na mabawa, kupita Kilatini na lugha za Ulaya, hadi China na Uhindi, ambako aliwaachia nafasi Herbert Franke na Kalanath Jha waandike wanayoyajua kuliko yeye. Utafiti kama ule hauwezekani bila wakutubi. Mashairi hayo yalikuwa yametawanyika katika vitabu adimu vya karne nyingi, mengi yakidharauliwa kama michezo ya watawa na walimu wa shule. Mahali fulani mtu alimfungulia kasha, akamruhusu kugeuza kurasa, na tawi zima la ushairi likarudi kwenye macho ya watu. Alifariki kwa mshtuko wa moyo mjini Quebec, Kanada, tarehe 25 Oktoba 1998, akiwa na umri wa miaka 60, katika safari ya kazi ya sanaa. Fadhila aliyofanyiwa na makavazi ya wengine ndiyo ninayowaombea wasomaji wake kutoka kwenu.

Najua mambo ya bajeti na bima hayaamuliwi na mtu mmoja. Ndiyo maana nimeandika hadharani, ili bodi zenu nazo zisome, na wafadhili, na watumishi wa chumba cha wasomaji ambao mara nyingi wako upande wetu. Mnaweza kuanza na nakala moja ya kijitabu kimoja, juu ya meza, bila glavu, kwa mwezi mmoja, mkaandika kilichotokea: wangapi waliketi, walisoma kwa muda gani, karatasi iliumia kiasi gani. Kikirudi kimepasuka mgongo, nileteeni. Nitakishona bila malipo, na najua wajalidi wengine watakaofanya hivyo hivyo kwa taasisi zilizo karibu nao.

Nangoja jibu lenu, na ningependa liwe la wazi kama barua hii.

Wasalaam,
Msomaji na mjalidi wa vitabu